Waliokimbilia Mwano

Vijana wangu, mnapopita hapa Kalangalala na kunikuta barazani na redio ndogo pajani, mnanisalimia vizuri, shikamoo mama, halafu mnaniuliza swali lile lile: mtu anaingiaje redioni? Kuingia mnauliza sana. Kazi yenyewe ikoje hamniulizi. Basi leo nitawaeleza na ambalo hamkuuliza, maana nimestaafu na hakuna tena mhariri wa kunikatiza.

Kwa miaka mingi niliendesha kipindi cha vijana cha kila Jumamosi katika redio moja ndogo ya hapa Geita. Wasikilizaji walinijua kwa jina la Mama Kabula, na hadi leo nikiuliza bei ya nyanya sokoni kuna watu wanageuka. Kipindi kilikuwa cha vijana wenyewe kuzungumza: shule, mashamba, mimba, vurugu za machimboni, viongozi wanaoonekana wakati wa kura tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika maikrofoni na kufunga mdomo. Kushika maikrofoni nilijifunza siku moja. Hilo la pili lilinichukua miaka.

Siku yangu ya kwanza kwenda kurekodi Nyarugusu nilivaa hedifoni masikioni, na maikrofoni ilikuwa na mpini mrefu. Mkono uliponichoka nikaiacha ining'inie ikitazama chini, nikawa natembea polepole huku nasikiliza sauti za pale. Baada ya muda nikaona vijana wananifuata kimya kimya, wana majembe na sururu. Nikisimama, wanasimama. Nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, mmoja akachomeka kijiti palepale. Kumbe walidhani napima dhahabu kwa ile mashine ya kutafutia madini. Nilipowaambia kwamba mimi ni mtu wa redio, yule mwenye kijiti alinitazama kwa huruma.

"Kwa hiyo mama, hapa uliposimama hakuna kitu?"

"Hakuna, mwanangu."

"Na kule nyuma ulikopunguza mwendo?"

"Kule nilikuwa naumwa goti."

Walicheka mpaka wakakaa chini, na nikawasha mashine ya kurekodi wakiwa bado wanacheka. Sijawahi kupata mazungumzo mazuri kama yale. Walisema mambo ya njaa, ya wenzao waliofukiwa na vifusi, ya mapigano ya kugombea mawe, bila mimi kuuliza swali la maana hata moja. Hata hivyo nilipokuwa naondoka, pale kwenye kijiti walikuwa wameshaanza kuchimba.

Kabla ya hapo tulikuwa tumefanya mdahalo mkubwa wa vijana kuhusu vurugu, hapa hapa mjini. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Vijana walibeba viti, wakafunga turubai, wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni. Akazungumza kiongozi wa kata, akazungumza mchungaji, akazungumza shehe, na mwisho akazungumza mwakilishi wa vijana, ambaye nilisoma naye darasa moja na ndevu zake alikuwa amezipaka piko. Wote walisema vijana waache vurugu. Mvua ilipoanza mkutano ukafungwa, na vijana wakarudisha viti. Nilikirusha kipindi chote hewani, tena kwa majivuno. Mhariri wangu, Mzee Luhende, aliyekuja kwetu akitokea Shinyanga, alikisikiliza hadi mwisho.

"Vijana walikuwa wapi?" akaniuliza.

"Walikuwepo wengi sana, mzee."

"Nimesikia viti," akasema, akarudi kwenye magazeti yake.

Mzee huyo alikuwa mkali na mchoyo wa sifa, lakini nikimkumbuka machozi yananilengalenga, kwa sababu karibu kila ninachokijua kilitoka kwake. Alinikataza kukata ukimya wa mtu kabla hajajibu. Alinikataza kuuliza "kwa nini vijana mnafanya fujo," akasema swali hilo kijana ameshaulizwa na kila mtu tangu anyolewe nywele za utoto, na jibu lake amelikariri. Muulize mara ya mwisho aliogopa lini. Usimshikie maikrofoni usoni kama unamtisha nayo, iweke pajani. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono, hata kama ni kumenya karanga. Na kama ni Msukuma, mwache aanze kwa Kisukuma, Kiswahili kitakuja chenyewe akishasahau kwamba anarekodiwa. Siku hizi mnatumiana voisi kwenye simu, mtu anajirekodi, anajisikiliza, anafuta, anarekodi tena. Sauti zinatoka safi na zimekauka.

Lakini kitu alichokichukia Mzee Luhende kuliko vyote ni sentensi moja ya habari, na ninyi mnaijua: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Kila nilipomletea habari yenye maneno hayo aliyazungushia wino mwekundu. "Hasira haina mikono, Mama Kabula. Nenda ukanitafutie wenye mikono." Nilikuwa naenda, na narudi mtupu. Hakuna aliyekuwepo. Kijiji kizima siku hiyo kilikuwa shambani. Basi sentensi inasomwa vilevile, na mtu amekufa. Mzee alistaafu kabla yangu na akafa akiwa bado anaichukia.

Sasa niwaeleze habari ya Shija, maana nimekuwa nazunguka tu kwa kuwa inaniuma.

Kuna kijiji kimoja mbele ya Nyarugusu, jina lake sitalitaja, ambako mwano bado unapigwa. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjausikia. Ni ukelele wa hatari. Tangu enzi za sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa vijiji, kila mwanamume mwenye nguvu akiusikia anaacha alichoshika na kukimbilia unakotoka. Kutokwenda ni kosa. Wanaotangulia mbio ni vijana, na wanaoshika fimbo mwishoni ni vijana. Lakini ukija kwenye mkutano wa kijiji, vijana hao hao wanasimama nyuma, na pale kijijini asiye na kaya yake haruhusiwi kusimama na kusema peke yake. Lazima mzazi wake asimame kwanza aseme, "Mtoto wangu ana neno." Bila hivyo, mwenyekiti hamwoni. Nimekaa katika mikutano mingi ya namna hiyo na nimeondoka na hasira zangu, kwa sababu sielewi mtu anaaminiwaje na fimbo kisha asiaminiwe na maneno.

Siku ya gulio, mchana kweupe, viroba vya mawe ya dhahabu viliibiwa kwenye karasha moja, pale mawe yanaposagwa. Mwano ukapigwa. Kijana mmoja aitwaye Maduhu alikuwa anatoka shimoni akipeleka kiroba chake kusagwa, ndio mgao wake wa kazi ya wiki. Aliposikia mwano akafanya kama alivyofundishwa, akakimbia kuufuata. Ila kiroba hakukitua. Ndicho kilichokuwa chakula cha nyumbani kwao, angekiachaje njiani? Wenzake waliokuwa wanatoka upande wa pili wakamwona mtu anakuja mbio na kiroba cha mawe begani. Hakupewa muda wa kueleza.

Taarifa ilipofika redioni iliandikwa kwa ile sentensi. Ilisomwa mchana, kati ya bei ya pamba na matangazo ya vifo vya watu wengine.

Maduhu alizikwa na mjomba wake na jirani mmoja mzee. Kwetu aliyeuawa kwa wizi halaliwi matanga. Mama yake alikuwa mjane, mkulima wa viazi, na baada ya hapo wanawake walikuwa wakimwona kisimani wanaharakisha kujaza ndoo. Binti yake mdogo aliacha kwenda shule kwa sababu ya jina walilompa wenzake. Na mama mwenyewe hakulia kwa sauti hata siku moja. Aliniambia baadaye kwamba mama wa mwizi akilia, watu wanasema anawasumbua.

Shija alinijia redioni baada ya mavuno. Kijana mrefu, mikono imepasuka kwa mawe, hakutaka kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu. Nimekuja kuongea kwenye kipindi. Lakini jina usitaje, na sauti muibadilishe, nasikia mnaweza."

Nikampa karanga amenye. Alimenya nyingi kabla hajasema lolote, na mimi sikusema. Kisha akasema alimfahamu Maduhu, walikuwa wakichimba shimo moja. Akasema kile kiroba walikifunga pamoja asubuhi ile, kwa ukanda walioukata kwenye kanga ya mama yake Maduhu, yenye maua ya njano. Naye alikuwa miongoni mwa waliokimbilia mwano. Alifika, akakiona kiroba chini, akauona ukanda.

Nikamwuliza swali la Mzee Luhende, mara ya mwisho aliogopa lini. Akajibu, "Hapo."

Vijana wangu, hapo nilikuwa na kipindi mkononi ambacho kingesikilizwa mkoa mzima. Mwandishi wa habari yeyote angewasha mashine. Nami nilitamani, nisiwadanganye. Lakini nilikuwa na sheria yangu moja: habari ya msiba, mwenye msiba aisikie kabla ya majirani zake. Nikamwambia Shija kwamba sauti yake haitaingia hewani kabla haijaingia nyumbani kwa Mama Maduhu. Nikamwambia pia kwamba jambo hili ni la polisi, kwamba anaweza kufungwa, na kwamba akiamua kugeuka na kwenda zake mlango uko wazi. Aliutazama mlango kwa muda mrefu. Kesho yake tukapanda bodaboda mbili, tukaenda.

Mama Maduhu alikuwa anaanika michembe juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Alitukaribisha, akatupa maji, akaendelea kupanga vipande vya viazi. Shija alimweleza yote akiwa amepiga magoti kwenye mwamba ule wa moto. Sikuwa nimemwambia apige magoti. Alipofika kwenye ukanda wa kanga, mama akasimamisha mikono.

"Ya maua ya njano," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Niliitafuta kanga hiyo. Nilidhani panya wameikata."

Akarudia kupanga viazi. Nami nikasubiri kama nilivyofundishwa. Kisha nikamweleza kuhusu redio, kwamba tunaweza kuitoa habari hii bila kumtaja mtu, ili jina la mwanawe lisafishwe. Akatikisa kichwa.

"Mama Kabula, redioni utasikika Geita nzima, na hakuna mtu atakayelazimika kuniangalia usoni. Watasikiliza huku wanapika. Mimi ninaishi na hawa. Kama ana neno, akaliseme mkutanoni, mbele ya waliokimbia naye."

Nilijaribu kumshawishi, nikitaja usalama wa kijana. Aliniacha nimalize, kisha akamgeukia Shija. "Ng'wanone, mwanangu, sikulazimishi. Ukienda, nitakuwepo. Usipoenda, sitakutangaza." Shija akasema atakwenda. Njiani kurudi nilimgombeza, nikamwambia ana wazimu, amfikirie mama yake. Akaniambia mama yake alishafariki, na baba pia, anaishi kwa baba mdogo.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Nilikaa pembeni na wanawake. Shughuli zilikwenda, barabara, mbegu, mbuzi wanaokula miche. Ilipofika mengineyo, Shija akanyoosha mkono kutoka nyuma, kwenye kundi la vijana. Mwenyekiti akatazama juu ya kichwa chake kana kwamba anatafuta mwingine. Shija akaja mbele.

"Wewe mtoto wa nani?" mwenyekiti akauliza, ingawa alimjua.

"Naishi kwa Masunga."

"Masunga, kijana wako ana neno?"

Baba yake mdogo alikuwa safu ya pili. Alikuwa anajua nini kinakuja, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wake mwenyewe wa kulinda. Alitazama viatu vyake. Simlaumu sana, ila sijamsahau.

"Basi rudi nyuma," mwenyekiti akasema. "Utaratibu unaujua."

Hapo akasimama Mama Maduhu. Wanawake waliokuwa karibu naye wakasogea, sijui kwa woga au kwa mazoea. Alikuwa amevaa kipande kilichobaki cha ile kanga.

"Mimi ndiye mzazi wake leo," akasema. "Mtoto wangu ana neno."

Mwenyekiti akampa Shija nafasi. Katika utaratibu wake wote hapakuwa na mahali palipokataza jambo kama hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Shija hakuongea kwa muda mrefu. Alisema Maduhu hakuiba, kiroba kilikuwa chake, walikifunga wote. Alisema alikiona na akakitambua. "Nilitaka kuwaambia acheni. Lakini wakubwa walikuwa wameshasema ni mwizi, nami sijawahi kumkatisha mkubwa. Sikujua mtu anaanzaje." Kisha akasema, "Nami nilipiga. Mara moja. Ili nisionekane siko pamoja nao. Alikuwa ananitazama." Hakumtaja mwingine yeyote. Alimshukuru mwenyekiti kwa nafasi, kama inavyotakiwa, akarudi akasimama pembeni ya Mama Maduhu.

Mwenyekiti alikohoa. Akasema kijiji kimesikia. Akasema bado kuna suala la choo cha shule. Nao wakazungumza kuhusu choo cha shule, vijana wangu, na mimi nilikuwepo.

Asubuhi iliyofuata Shija alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akampeleka polisi. Kwa kuwa ni yeye tu aliyesema, ni yeye tu aliyechukuliwa. Hilo nawaambia wazi kwa sababu katika semina za vijana tunawahimiza mpaze sauti, tunawapa fulana zenye maandishi hayo, na hatuwaambii kwamba anayetangulia kusema anaweza kubeba mzigo wa wote. Alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilimpelekea sabuni na mashati, nikaumia kila mara niliporudi. Alipotoka hakurudi kijijini. Yuko Kahama, anafanya kazi ya ujenzi, ananipigia sikukuu, ananiuliza afya, kisha tunabaki kwenye simu hatusemi kitu. Sauti yake sijawahi kuirusha hewani. Mara nyingine nafikiri ningemwambia mara mbili zaidi kwamba ule mlango wa redio uko wazi, angeondoka, leo angekuwa kijana tu kama wengine. Kisha namfikiria yule mama, na siwezi kuendelea na wazo hilo.

Wiki ile ile Shija alipochukuliwa nilirudi kumjulia hali Mama Maduhu. Nilikuta wanawake wawili wamewasha moto uani kwake, na sufuria kubwa limebandikwa. Wakaja na wengine, wakiwa na kuni na unga, hawasemi wamefuata nini. Mmoja alipomshika mkono na kumpa pole, ile pole ya msiba, Mama Maduhu alikaa chini akalia kwa sauti. Alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile. Hakuna aliyemnyamazisha. Tulilia naye.

Mchana wakaja vijana kutoka machimboni. Walipita moja kwa moja hadi kaburini, nyuma ya shamba la viazi, ambako mjomba na yule mzee walikuwa wamefukia kwa haraka na udongo umeshabonyea. Wakavua mashati. Hakuna watu wanaojua kuchimba na kupanga mawe kama wachimbaji, nanyi mnajua. Walilijaza, wakalishindilia, wakalizungushia mawe yaliyokaa sawasawa, na muda wote huo sikusikia utani wala wimbo, jambo ambalo kwa vijana wa shimoni si la kawaida.

Walipomaliza, wanawake wakapakua ugali. Mama Maduhu akachukua jagi na beseni, akaenda mwenyewe kuwanawisha. Nikataka kumpokea akakataa. Wa kwanza alikuwa kijana mfupi, shingo imejaa vumbi. Alinyoosha mikono juu ya beseni, kisha akairudisha.

"Mimi ni Ndaki," akasema. "Nilikuwepo."

Mama alimtazama. Akaanza kumimina maji.

"Nawa," akamwambia. "Nawa, ule."

Wa pili akasogea. "Mimi ni Mabula. Nilikuwepo."

"Nawa, ule."

Walisogea hivyo hadi wa mwisho, na maji yalipokwisha akamtuma binti yake kisimani kuleta mengine.